Kabla ya Kuwafundisha Watoto Fedha, Tulifungua Daftari Letu

Kwa miaka kadhaa sasa sisi ni mke na mume wenye nyumba mbili. Mmoja wetu anafundisha Mbeya na anaishi Uyole. Mwingine anafundisha Iringa na anaishi Kihesa. Hatukugombana wala hatukutalikiana, ni barua za ajira ndizo zilizotugawa, na walimu wengi wanaosoma ukurasa huu wanaijua vyema hali hiyo. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu inayopita Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga, na kila mwisho wa mwezi mmoja wetu hupanda basi kumfuata mwenzake. Kodi ya pango tunalipa mara mbili, umeme tunanunua mara mbili, na mkaa tunaununua kwa magunia mawili. Watoto wako Mbeya pamoja na mama yao.

Tunaanza na habari hii ili ndugu msomaji asije akadhani kwamba wanaozungumza naye ni mabingwa wa uchumi. Haya tunayoyasimulia yametupata sisi wenyewe, na baadhi yake tungependa yangebaki ndani ya kuta zetu. Tumekubaliana kuyaandika kwa sababu tunaamini zipo nyumba nyingine zenye siri kama yetu.

Katika mwezi wa Shaabani mwaka 1445, yaani Februari 2024, kila mmoja wetu aliombwa na ustadhi wa madrasa ya jirani atoe nusu saa kila Jumamosi, baada ya darasa la Qur'ani, kuwafundisha watoto jambo la kuwafaa maishani. Wanafunzi wenyewe walikuwa wa umri wa kati ya miaka 10 na 15. Tulishauriana kwa simu, tukachagua somo la fedha. Mwaka ule ule mtaala mpya ulikuwa umeanza kutumika mashuleni, na somo la biashara limepewa nafasi kubwa zaidi kuliko zamani. Tukaona ni vyema watoto wetu wafike huko wakiwa na msingi, na msingi huo uwe wa halali.

Sisi wenyewe hatukufundishwa jambo hili. Tulisoma shule za msingi wakati ambapo fikra ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, bado ilikuwa na nguvu. Kila shule ilikuwa na shamba. Tulilima mahindi, tukapalilia, tukavuna, tukabeba magunia hadi stoo ya shule. Kazi tuliijua, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini hatukuwahi hata siku moja kuketi darasani tukaonyeshwa magunia yaliuzwa kwa bei gani, mbegu ziligharimu kiasi gani, na kilichobaki kilikwenda wapi. Tulijifunza jembe bila daftari. Tumekuwa watu wazima wenye bidii ya kutafuta na uzito wa kuhesabu.

Tulianza vibaya. Tulimtaka kila mtoto alete makopo matatu matupu: la matumizi, la akiba na la sadaka. Kila Jumamosi angetuonyesha jinsi alivyogawa fedha alizopewa nyumbani kwa wiki nzima. Wiki ya kwanza darasa lilikuwa na furaha ya sarafu zinazolia ndani ya makopo. Wiki ya tatu, huko Iringa, mvulana mmoja alikuwa ameacha kuja. Tulipouliza tukaambiwa kwamba makopo yake matatu yalikuwa matupu tangu mwanzo, kwa kuwa nyumbani kwao mtoto hapewi fedha ya kutumia. Alikuwa akitia vijiwe ndani ili navyo vilie kama vya wenzake.

Habari ile ilitukata maini. Tuliyaondoa makopo siku ile ile, Mbeya na Iringa, na mvulana yule akafuatwa nyumbani, akarudi. Tulijifunza kwamba zoezi la fedha linalotegemea mfuko wa mtoto humfundisha maskini jambo moja tu, nalo ni kwamba yeye ni maskini. Ilibidi tutafute fedha ambayo kila mtoto angekuwa nayo kwa usawa.

Tukaamua kutumia maharage. Watoto waligawanywa katika makundi ya watano watano, na kila kundi likawa kaya moja, lenye baba, mama na watoto. Kila kaya ilipewa punje 60, na kila punje ilikuwa na thamani ya shilingi 5,000. Kwa hiyo mapato ya mwezi yalikuwa shilingi 300,000. Juu ya mkeka tulichora miduara kwa chaki, na watoto wakaanza kubishana. Kaya moja ya Uyole iligawa hivi: unga na mchele punje 16; mboga, mafuta na sukari punje 12; kodi ya pango punje nane; mkaa punje sita; nauli punje sita; umeme na maji punje nne; sare, madaftari na michango ya shule punje nne; simu punje moja. Walipomaliza, zilibaki punje tatu. Ndipo binti mmoja akauliza kwa mshangao, "Sasa akiba iko wapi, na sadaka iko wapi?"

Tuliwaacha wabishane. Wapo waliotaka kupunguza nauli kwa baba kutembea kwa miguu. Wapo waliosema ada ilifutwa mashuleni tangu 2016, basi kwa nini shule ichukue punje nne? Wenzao wakawakumbusha bei ya viatu na sweta, na baridi ya Mbeya haina mzaha. Mwishowe wakakubaliana kutenga kwanza punje moja ya sadaka na mbili za akiba, kisha kulingana na kilichobaki. Sisi hatukusema neno.

Hapo tukatoa kadi. Juu ya vipande vya karatasi ngumu tuliandika mambo yanayoipata kila familia: mtoto ameugua, punje tano, mchango wa harusi ya binamu, punje nne, msiba kijijini, punje sita, kuku wametaga vizuri, ongeza punje mbili. Kila kaya ilichota kadi moja bila kuiona. Waliochota ugonjwa walitazama punje zao mbili za akiba, kisha wakatazamana. Mmoja akasema, "Tukope." Tukamjibu kwamba habari ya kukopa itakuja na Jumamosi yake.

Ndugu msomaji atauliza kwa nini tulihangaika na maharage katika zama hizi za simu. Sababu ni hizo hizo simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, fedha zilianza kutoweka machoni pa watoto. Zamani mtoto alimwona mama akifungua fundo la kanga, akihesabu noti, na kurudisha zilizobaki. Leo anamwona akibonyeza simu, na mchele unafika. Mtoto hana njia ya kujua kwamba kitu kimepungua. Punje za maharage humrudishia macho yake.

Mazoezi yetu hayakufanana kila mahali, kwa kuwa kila mkoa una mazao yake. Huko Iringa watoto kadhaa walikuwa na jamaa wanaolima nyanya Ilula na vitunguu Ruaha Mbuyuni, basi kaya zao zikapewa robo eka ya nyanya. Walitakiwa kutoa punje za mbegu, mbolea, dawa, vibarua, matenga na usafiri kabla ya kuuza chochote. Mtoto wa mkulima mmoja alisimama akasema kwamba baba yake hujua alichouza lakini hajawahi kuandika alichotumia. Huko Mbeya tulizungumzia viazi. Tulileta mizani ndogo, tukapima fungu la viazi lililonunuliwa sokoni, tukalinganisha na kilo. Kisha tukaeleza lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu hadi likapita kipimo, na kwamba sheria ya vipimo inaikataza. Tuliwaambia pia kwamba jambo hili lina sura nzima ndani ya Qur'ani, Surat al-Mutaffifin, inayowakemea wanaopunja vipimo. Watoto walikuwa wameihifadhi sura hiyo tangu wakiwa wadogo. Hawakuwahi kudhani kwamba inahusu viazi.

Ramadhani ilipofika tulifundisha zaka. Kila kaya ilipewa rundo la punje 40 na kutakiwa kutoa moja, ili wauone kwa macho ule wastani wa asilimia mbili na nusu. Tukawaeleza kwamba zaka ya fedha haimpasi kila mtu. Ni kwa aliyefikisha nisabu, ambayo wanazuoni wengi huikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mali hiyo ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu. Tukasoma nao makundi manane ya wanaostahiki kupewa, yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Watoto waliyataja kwa zamu: mafukara, maskini, na wengineo, hadi wakafika kwa wenye madeni. Tulipita pale haraka, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha.

Somo la deni lilikuja Julai, wakati baridi ya Uyole inapokuwa kali na watoto huja madrasani wamejifunika makoti juu ya kanzu na mabuibui. Tuliandika ubaoni mkopo wa aina ambayo watu mitaani wameupa jina la kausha damu. Mama mmoja amekopa shilingi 200,000. Siku ya kuchukua amekatwa 20,000 za fomu, akaondoka na 180,000. Anatakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Je, atalipa kiasi gani?

Watoto walihesabu punje zao. Jumla ilikuwa 260,000. Aliyepokea 180,000 amelipa nyongeza ya 80,000, yaani zaidi ya shilingi 44 kwa kila shilingi 100 aliyoitia mkononi, na mwezi haujaisha. Darasa likaguna. Tukawaeleza kwamba hiyo ni riba, na kwamba Mwenyezi Mungu ameiharamisha kwa maneno mazito. Tukadhani somo limekwisha.

Binti mmoja wa miaka 12, yule yule aliyeuliza akiba iko wapi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na siku akikosa hiyo 10,000?"

"Hutozwa faini," tukamjibu.

"Ni 2,000," akasema taratibu, akitazama mkeka. "Kwetu huwa ni 2,000."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wake alifunga somo kwa dua, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kusema.

Usiku ule tulizungumza kwa simu kama ilivyo kawaida yetu ya Jumamosi. Aliye Mbeya alimsimulia mwenzake habari ya binti yule na sauti ikamkwama. Akasema, "Watu wanateseka ndani ya nyumba zao na sisi tunawachorea miduara ya chaki." Upande wa Iringa ulikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ikisema mtandao unasumbua, tutaongea kesho.

Mtandao haukuwa unasumbua.

Alhamisi ya wiki ya pili yake, usiku, ujumbe uliingia katika simu ya aliye Mbeya kutoka namba asiyoifahamu. Ulimtaja mume wake kwa majina yake matatu, ukamwita mdaiwa sugu, na ukamtaka mpokeaji amshauri alipe kabla hatua hazijachukuliwa. Ujumbe huo huo ulikwenda kwa mwenye nyumba wa Kihesa, kwa kaka yetu aliyeko Mafinga, na kwa mzazi mmoja ambaye wanawe wawili walikuwa wanafunzi wa ile nusu saa ya Jumamosi.

Tueleze ilivyokuwa. Idi kubwa ya mwaka ule iliangukia katikati ya Juni. Baba, aliyekuwa Iringa, hakutaka kushuka kwenye basi mbele ya wanawe mikono mitupu. Alitaka wachinje mbuzi kama majirani. Mshahara ulikuwa umegawanyika katika nyumba mbili na umekwisha. Akapakua programu ya mikopo katika simu yake, akaomba 150,000, akapokea pungufu ya hapo, na akapewa siku 14. Siku zilipofika alikopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza, kisha ya tatu ili aitulize ya pili. Katika kujisajili alikuwa ameiruhusu programu isome orodha ya watu walio katika simu yake, bila kufikiri watu hao wangetumiwa kwa jambo gani.

Kuchinja Idi ni ibada kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo hana lawama mbele ya Mola wake. Sote wawili tulilijua hilo. Mmoja wetu aliwahi kulifundisha. Hata hivyo tulikula nyama ile kwa furaha, na mkopo wa riba ulikuwa umeketi nasi sinia moja.

Ijumaa jioni yule wa Iringa alipanda basi, akafika Uyole usiku wa manane. Aliye Mbeya alikuwa amejiandaa kwa maneno makali tangu adhuhuri. Lakini alipofungua daftari jipya la shule ili waandike madeni yote, aliona kwamba haki haiwezi kuandika upande mmoja tu. Naye alikuwa na lake. Alikuwa akidaiwa 64,000 katika duka la mtaani, na marejesho ya 120,000 yalikuwa yamepita siku zake katika kikundi cha akina mama wa kikoba. Hakuwahi kuyasema. Alikuwa akiyaita mambo madogo ya nyumbani.

Tuliandika hadi karibu na alfajiri. Programu tatu za simu, 470,000. Kikoba, 120,000. Duka, 64,000. Jumla 654,000. Tuliitazama namba ile. Ilikuwa kubwa, lakini kwa namna ya ajabu ilikuwa ndogo kuliko hofu tuliyokuwa nayo kabla ya kuiandika. Tukakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, haizungumzii sala wala hija. Inazungumzia deni, na inaamrisha liandikwe na lishuhudiwe. Tulikuwa tumeihifadhi sote wawili. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwa na daftari.

Asubuhi tulimpigia kaka yetu wa Mafinga. Alikwisha kuusoma ule ujumbe na alikuwa akisubiri simu yetu kwa aibu kuliko sisi. Alikubali kutukopesha 300,000 bila nyongeza yoyote, mkopo mwema kama dini inavyotufundisha. Tulipomwomba tuandikiane mbele ya mashahidi wawili, alikasirika. "Ndugu wa tumbo moja tunaandikiana? Mnaniona mimi ni mtu wa benki?" Ilituchukua muda kumweleza kwamba karatasi ile haikuwa ya kutomwamini yeye, ilikuwa ya kutujengea sisi uaminifu tulioupoteza. Aliandika hatimaye, kwa mwandiko wa hasira. Tuliuza televisheni na kitanda cha ziada cha Iringa, na baba akahamia chumba kimoja. Programu zote tatu zililipwa na kufutwa katika simu. Duka na kikoba tulivimaliza kidogo kidogo. Kwa kaka tulilipa 50,000 kila mwezi kuanzia Septemba, na Februari 2025 tukafuta mstari wa mwisho.

Kilichobaki kilikuwa darasa. Jumamosi iliyofuata, Iringa, wale vijana wawili hawakuwapo. Mwalimu wao alikwenda kwa mzazi wao, mfanyabiashara wa sokoni Mlandege, akamkuta akipanga mizigo.

"Mzee wangu, ule ujumbe ulioupata ni wa kweli," akamwambia.

Mzee aliendelea kupanga kwa kitambo. Kisha akasema, "Ustadhi, deni anaweza kulipata yeyote. Mimi nimeudhika kwamba umewafundisha wanangu habari ya deni huku lako umelifunika."

Hakuwa na la kujibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mdogo kati ya vijana wale alirudi mwezi uliofuata. Mkubwa hakurudi mpaka leo.

Tuliwaeleza watoto, kule Iringa na huku Mbeya, kwa maneno yanayowafaa: kwamba mwalimu alikopa kwa riba ili aonekane ana uwezo, kwamba alificha, na kwamba kuficha ndiko kulikofanya deni moja kuwa matatu. Tuliwasimulia Hadithi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni lisilo na wa kulilipa, akawaambia Masahaba wamsalie wao, hadi Abu Qatada alipojitwika deni lile ndipo naye akamsalia. Watoto walisikiliza kuliko Jumamosi yoyote. Mmoja akauliza kama mbuzi alikuwa mtamu. Tukamjibu kwamba alikuwa mtamu, na kwamba hilo nalo ni sehemu ya hatari yake.

Miezi michache baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Hapa hatutaji waliotukopesha, kwa kuwa lengo letu si kushitakiana. Ila tunawakumbusha wasomaji kwamba ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwamba mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na kwamba Benki Kuu ina tawi lake hapo Mbeya mjini ambako mtu anaweza kuuliza. Leseni haigeuzi riba kuwa halali, lakini asiye na leseni hana hata mlango wa kumbishia. Na kwa wanaotafuta njia zisizo na riba, njia hizo zipo siku hizi: Amana Bank imekuwapo tangu 2011, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu.

Na yule binti wa Uyole? Mama yake alikuja madrasani wiki iliyofuata somo lile, na hakuja kwa upole. "Mwalimu, mnawafundisha watoto kuhesabu mifuko yetu?" Tulimwomba radhi, na tulimaanisha. Tangu siku ile tumeweka sharti: katika somo letu hakuna mtoto anayeulizwa habari za nyumbani kwao, na kadi zote ni za kaya za kubuni. Mtoto akisema kwa hiari yake, tunampokea, tunamsitiri, na hatuendi mbele.

Baada ya miezi kadhaa mama yule alirudi, safari hii akiwa na daftari la mwanawe mkononi. Alitaka ahesabiwe, kwa kuwa hakujua tena amelipa kiasi gani. Tulihesabu pamoja hadi magharibi. Alikuwa amelipa zaidi ya mara mbili ya alichopokea. Binti alikuwa ameketi pembeni, akatuuliza swali ambalo tulilikimbia katika Ramadhani ile: "Mwalimu, wale wenye madeni waliomo katika yale makundi manane, mama ni miongoni mwao?" Tulimpeleka mama yake mbele ya kamati ya zaka ya msikiti. Yaliyoamuliwa huko ni yao na yake, wala si ya gazetini. Tunachoweza kusema ni kwamba kamati ile ilikuwa haijawahi kupokea ombi la mwenye deni. Watu waliona haya kuomba, na wao hawakuwahi kuuliza.

Ndugu wazazi, hatuna fomula ya kuwapa. Tuna mkeka na kikombe cha maharage. Jioni moja ya mapumziko, kaeni chini na watoto wenu, wapeni punje 60, waacheni wagawe. Msiwaambie bado mshahara wenu ni kiasi gani. Waacheni waone kwanza jinsi punje zinavyokwisha. Kisha watoto wakilala, baba na mama wafungue daftari, na kila mmoja aandike anachodaiwa, hata kile cha dukani, hata kile cha shemeji. Anayeandika wa kwanza asihukumiwe, la sivyo wa pili hataandika.

Sisi bado tuna nyumba mbili, na maombi yetu ya uhamisho bado hayajajibiwa. Daftari huenda na kurudi na yule anayesafiri, likiwa ndani ya begi pamoja na nguo. Mwaka 2025 Idi kubwa ilitukuta tena pungufu, na hatukuchinja. Jirani alituletea sinia la nyama, watoto wakala, na mdogo wao akauliza kama mbuzi huyu yupo daftarini. Tukamwambia hayupo.

Mwenyezi Mungu atuepushe na uzito wa madeni, atutosheleze kwa halali yake, na awape watoto wetu ujasiri wa kuhesabu ambao sisi tulichelewa kuupata. Amin.